Mambo ya kuzingatia kabla shule yenu haijapandisha wazazi na watoto mlima Ngozi

Naona kila shule hapa Mbeya ina kitu inachangia, wengine madawati, wengine matundu ya vyoo, wengine uzio, na siku hizi wazo ni moja tu, badala ya kumwita mgeni rasmi na kuuza kadi basi wazazi na watoto wapande mlima pamoja, hasa Ngozi ule wenye ziwa ndani ya shimo lake, kila familia ije na ahadi zake. Wazo zuri, naliunga mkono kabisa, kuna watoto wamezaliwa chini ya mlima Loleza na hawajawahi hata kuukanyaga. Ila kuna mambo ya kupanga kabla, mengine ni mepesi nayapitia haraka, moja nitalikalia maana nililishuhudia na sitaki kulisikia tena kwa shule nyingine.

Kibali kwanza. Shule ya serikali tangu elimu bila ada ianze 2016, mchango wowote ukinuka ulazima mwalimu mkuu anaingia matatani, kwa hiyo barua ipite kamati ya shule na halmashauri, na kwenye tangazo iandikwe ni hiari. Asiyechanga naye apande. Mtoto asibaki nyumbani siku hiyo kisa mama yake hakuwa na hela. Alafu msitu wa Ngozi una wenyewe, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, nendeni mkaongee nao mapema kuhusu kiingilio na waongozaji, sio mnatokea Isongole, kijiji cha pale chini ya mlima, na basi mbili mmejaa kama mnaenda sokoni.

Siku. Jumamosi mnawakosa Wasabato, Jumapili mnawakosa karibu wote, Mbeya mnaijua kwa makanisa. Sikukuu za serikali ndo nafuu, Saba Saba inafaa. Nane Nane msijaribu, watu wote wako viwanja vya John Mwakangale na hapo Uyole magari hayaendi. Na iwe kiangazi, Juni hadi Oktoba, baada ya hapo mvua zinaanza na ile njia inakuwa utelezi mtupu. Kiangazi chenyewe Juni na Julai kuna baridi, yani baridi ya milima ya Uporoto sio ya mjini, kwa hiyo sweta na kofia hata kama Mwanjelwa jua linawaka.

Viatu raba zenye meno. Yeboyebo hapana, makobazi hapana, na wale akina mama wa viatu vya kanisani mtaniambia wenyewe mkifika nusu ya njia. Watoto wavae suruali ndefu, humo msituni kuna majani yanawasha na mtoto wa kaptula atalia mpaka chini. Maji kila mtu abebe yake. Chakula viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga, vitu vya kula umesimama, sio mnabeba sufuria la pilau mlimani.

Hela. Ahadi za kwenye group la WhatsApp sio hela. Mtu anaandika "familia ya fulani elfu hamsini" anawekewa makofi na vidole gumba, mlima ukipandwa ukishukwa hapokei simu. Kusanyeni kabla, fomu ya ahadi irudi na pesa au risiti wiki moja kabla ya siku, na iingie akaunti ya shule, sio namba ya simu ya mweka hazina hata kama ni shemasi. Na gharama za basi, kiingilio na maji zitolewe wazi kwenye hesabu, kuna watu wanatangaza wamepata milioni mbili kumbe milioni na nusu imekula mafuta na fulana.

Sasa hili la kukalia.

Safari ya kawaida ya shule mwalimu ndo anahesabu watoto, inaeleweka. Matembezi ya familia yana mtego wake, mwalimu anaona mzazi yupo kwa hiyo mtoto ana mwenyewe, mzazi anaona walimu wapo kwa hiyo mtoto anaangaliwa, na mtoto yupo katikati hapo hana mtu. Nilikuwa nasaidia kugawa maji kwenye matembezi ya shule moja, siitaji. Kuna binti wa darasa la tatu mama yake ana kibanda sokoni hakuweza kukifunga, akamkabidhi kwa jirani. Jirani magoti yakamgomea njiani, akamwambia mama mwingine "nisaidie huyu mpaka juu", huyo mama ana wake watatu akasema sawa. Kule juu ukingoni watoto wote wakachanganyika, si mnajua ziwa liko chini kabisa unaliangalia kama uko juu ya paa, kila mtu simu mkononi anapiga picha. Ukungu ukaanza kushuka, ukaanza mtindo wa twendeni twendeni, watu wakashuka kwa mafungu fungu.

Chini wakahesabu vichwa kabla ya kupanda basi. Idadi ikatimia, watu wakapiga makofi. Mpaka jirani alipouliza mbona simwoni mwanangu niliyekabidhiwa, ndo kuangalia sura moja moja ikagundulika kuna kamtoto ka pale pale kijijini kalijiunga na msafara tangu asubuhi kwa ajili ya juisi, kametulia kwenye siti kanasubiri safari. Vichwa vilitimia, mtoto wetu hayupo.

Jirani anasema nilikukabidhi wewe. Yule mama anasema mi nilimwona ameshikana mkono na wewe tukishuka. Mwalimu ana orodha lakini ni ya waliopanda basi asubuhi tu, waliokuja na magari yao hawamo kabisa. Na wote tunawaza kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja, ule ukingo. Vijana waongozaji wakarudi juu na akina baba kadhaa, msituni giza linaingia mapema kuliko barabarani, ukungu huo, tochi za simu, baba mmoja akateleza kifundo kikavimba akashushwa amebebwa. Mama mtu akapigiwa simu sokoni, akaja na bodaboda kutoka Mwanjelwa mpaka Isongole kwenye baridi ile na kanga yake moja. Sitaki kuelezea alivyofika.

Saa mbili usiku simu ikaita. Binti yuko Iyunga, ameoga, anakula makande na rafiki yake. Alishuka na familia ya huyo rafiki, wana Noah yao, baba wa Noah akaona mtoto kaja mwenyewe akajua ameshaagwa, wakawasha gari kabla basi halijajaa. Simu yake ilikata chaji kwa picha za ziwa, kaichomeka alipofika nyumbani ndo meseji zikaanza kuingia. Ukimtafuta mwenye kosa pale humpati, kila mtu alifanya wema wake. Mwaka uliofuata shule ilipogawa fomu, wazazi walizirudisha tupu.

Kwa hiyo fanyeni hivi na msione aibu kuonekana mna ukiritimba. Kila mtoto aandikwe na mtu mzima mmoja kwa jina na namba ya simu, mtu mzima asizidi watoto watatu. Kukabidhiana njiani ruhusa, ila mbele ya mwalimu mwenye daftari, anafuta jina hili anaandika lile, papo hapo, "nisaidie huyu" ya mdomo haitambuliki. Hesabu kwa kuita majina, tena mara tatu, kabla ya kupanda, juu ukingoni kabla ya mtu yeyote kugeuka, na chini. Mtoto aitike mwenyewe, asiitikiwe. Magari binafsi funguo zikae mezani kwa mratibu, unapewa ukishaonyesha watoto ulioandikiwa, baba akilalamika mwacheni alalamike. Awepo mmoja wa mbele ambaye hakuna anayempita, na mmoja wa mwisho ambaye haachi mtu nyuma yake hata akiwa bibi anayepumzika kila hatua kumi. Na saa saba mchana popote mlipo mnageuka, hata kama ziwa mmebakiza dakika tano, hata kama mdhamini anataka picha na bango lake.

Kule ukingoni pia wekeni kamba au watu wazima wa kusimama mstari, watoto nyuma yao.

Mengine mnayajua. Wenye pumu waje na pampu zao na mwalimu ajue nani na nani, sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani sio boksi tu lenye msalaba mwekundu. Namba za kituo cha afya cha jirani ziandikwe kwenye karatasi, na zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112, msitegemee mtandao utakuwepo juu. Basi lisilo na kibali cha kukodishwa msipande, barabara ya Tukuyu ina miteremko na malori. Wajawazito wabaki chini wauze chai, nayo inachangia. Watoto chini ya miaka sita wapandishwe kidogo tu warudi. Chupa tupu zishuke na wenyewe. Mbwa abaki nyumbani, na yule mwenye spika kubwa ya muziki aiache kwenye gari.