Kumshuhudia jirani bila kumchosha

Mimi ni Mkristo, fundi cherehani Kongowea, Mombasa, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Kipaza sauti sina. Wanaohubiri penye umati pale kivuko cha Likoni siwalaumu, ila msafiri anayesubiri feri hana pa kukimbilia wala hapewi nafasi ya kuuliza.

Mimi hungoja niulizwe. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, ametuagiza tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole. Na watu huuliza, mradi wakuone unavyofanya kazi. Sisi mafundi tunajulikana kwa “njoo kesho” na kwa vitambaa vinavyopungua kimiujiza. Kwa hiyo nguo za Idi nazimaliza kabla Ramadhani haijaisha, na mabaki ya kitambaa nayafunga pamoja na nguo. Mama mmoja aliufungua mfuko papo hapo.

“Fundi, mbona wanirudishia vipande? Wenzio hawarudishi.”

“Kitambaa ni chako, mama. Nami namfuata Yesu, sitaki kubaki na cha mtu.”

Basi. Nikaendelea kupiga pasi. Ukijibu, jibu kwa sentensi mbili, kisha nyamaza. Akitaka zaidi ataongeza swali. Asipotaka, mmeagana vizuri na atarudi na kitambaa kingine. Ni kama hodi: ukipiga mara tatu bila kuitikiwa, unaenda zako, husukumi mlango.

Mabishano yaache. Nimewahi kusimama kwenye mihadhara, wahubiri na mashekhe wakishindana kwa aya, na sikuona aliyeshindwa akiokoka. Alinuna tu. Ukiulizwa Mungu anawezaje kuwa na mwana, eleza unachokielewa, na pale unapoishia sema utamuuliza mchungaji. Nawe uliza yake, usikilize mpaka mwisho. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 ilimbidi kwanza ajifunze Kiswahili, na alipotafsiri kitabu cha Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa hapa hapa mjini. Mmisionari kufundishwa na kadhi! Yesu naye, pale kisimani Samaria, alianza kwa kumwomba yule mwanamke maji. Kwa hiyo usione haya kuazima pasi ya makaa kwa jirani. Ujirani hauanzi kwa wewe kuwa mtoaji kila siku.

Mwezi wa Ramadhani usile mbele ya waliofunga. Ukialikwa kufuturu, nenda, beba tende, na siku hiyo usihubiri.

Shida ya mtu isiwe chambo. Mgonjwa muulize, “Nikuombee?” Akikataa, mpelekee uji vilevile. Watoto wa watu usiwafundishe dini bila wazazi wao kujua. Na pesa usizitaje kabisa karibu na jina la Yesu.

Akisema mwenyewe angependa kuona ibada, mweleze mapema: ni ya saa ngapi hadi saa ngapi, anaweza kukaa nyuma, na kikapu cha sadaka akipitishe tu bila kutia kitu. Kwetu wageni husimamishwa wajitambulishe. Asiyependa, mimi humnong'oneza mzee wa kanisa kabla ya matangazo ili asimwite.