Namna ya Kutimiza Wajibu wa Kikatiba kwa Taifa: Ibara ya 25 hadi ya 28

Mwananchi anayetaka kujua taifa linamdai nini aifungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 katika Ibara ya 25 hadi ya 28, zinazofuata mara tu baada ya ibara za haki. Azisome kwa utulivu, kwani hazilingani sana na yale yanayohubiriwa majukwaani. Kupiga kura, kwa mfano, kumewekwa katika Ibara ya 5 kuwa ni haki ya raia aliyetimiza umri wa miaka 18, wala hakumo miongoni mwa wajibu huo. Kulipa kodi nako hakukutajwa humo kwa jina. Kunatokana na Ibara ya 26, inayomtaka kila mtu afuate na kutii Katiba na sheria za nchi, ikisomwa pamoja na Ibara ya 138, inayokataza kutozwa kodi yoyote isiyo na msingi katika sheria iliyotungwa na Bunge.

Utii huo hupimwa zaidi dukani kuliko mahakamani. Muuzaji anapokutajia bei mbili, moja yenye risiti na nyingine isiyo na risiti, nafuu unayopewa hutoka kwenye fungu la umma, na sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti. Ukishaipokea, kagua tarehe, jina la mfanyabiashara na hasa kiasi kilichoandikwa, kwa sababu risiti ya shilingi 20,000 kwa bidhaa ya shilingi 200,000 ni ukwepaji ule ule.

Ibara ya 27 ndiyo inayodai mengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Inamwagiza kila mtu kulinda mali asilia, mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na pia kuheshimu mali ya mwenzake. Kisha inawataka watu wote kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Kutoiba, basi, hakutoshi. Ukiona bomba la maji limekatwa au msitu wa hifadhi unafyekwa, toa taarifa katika ofisi ya serikali ya kijiji au ya mtaa, ikiwezekana kwa barua, ukitaja mahali, tarehe na ulichokiona kwa macho yako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Harufu ya rushwa ipeleke TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ambao simu yao ya bure ni 113. Ubadhirifu hujificha zaidi katika hesabu. Kwa hiyo hudhuria mkutano mkuu wa kijiji siku ya kusomwa mapato na matumizi, na uombe kuonyeshwa stakabadhi za matumizi ambayo hukuyaona yakifanyika. Swali moja la namna hiyo, likiulizwa kwa adabu mbele ya watu, lina uzito kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Kuhusu kazi, Ibara ya 25 inadai kujituma na uaminifu katika kazi halali, pamoja na nidhamu ya kazi, na wakati huo huo inakataza kazi ya shuruti. Kazi za kawaida za ustawi wa jamii zilizowekwa kisheria hazihesabiki kuwa shuruti. Hivyo, kabla ya kukataa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, uliza umewekwa kwa sheria gani.

Wajibu wa ulinzi katika Ibara ya 28 ni wa raia peke yao, tofauti na zile ibara tatu nyingine zinazomhusu kila mtu aliyepo nchini.

Hatimaye, rudi kwenye Ibara ya 26, ibara ndogo ya pili, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhifadhi Katiba. Shauri la haki na wajibu hufunguliwa Mahakama Kuu, na marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aambatishe kiapo kinachoeleza jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Kwa hiyo mtafute wakili mapema, kabla hujaandika chochote.