Busta ya maua: acheni kupima kwa kizibo

Januari ikianza, wakulima wa maua wa Bunju, Goba, Mabwepande na Kigamboni hapa Dar es Salaam wanaanza kuhesabu siku. Mbele kuna 14 Februari, halafu 8 Machi, Siku ya Wanawake, na katikati kuna harusi na send-off ambazo jiji hili haliishiwi. Mashina yakionekana mafupi, mkono unakwenda kwenye busta, yaani mbolea ya majani au homoni ya kukuza mmea. Inapimwa kwa kizibo cha chupa ya maji, kisha kinaongezwa kizibo cha pili ili ishike haraka. Siku ya tatu kingo za majani zimegeuka kahawia na kukauka.

Mkulima wa nyanya akiunguza jani, nyanya bado inauzwa. Wewe unauza shina zima, na jani ni sehemu ya mali. Mpambaji wa ukumbi hapokei waridi lenye majani yaliyoungua, na akilipokea atakupa bei ya kukuonea huruma. Ndiyo maana makala hii ni ya vipimo tu. Kutifua, kumwagilia na kupalilia mnajua.

Kizibo hakipimi uzito. Punje za urea na unga laini wa mbolea ya majani vikijaza kizibo kilekile, gramu zake hazilingani. Halafu kuna bomba lenyewe la kunyunyizia: lebo imeandikwa kwa lita 20, bomba lako la mgongoni ni la lita 16, na wewe unaweka kipimo kilekile. Hapo umeshazidisha kwa robo nzima kabla hata ya kile kizibo cha nyongeza. Nunueni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na kwa dawa za maji tumieni bomba la sindano la duka la dawa, jipya, la mililita 10. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na tuta moja la waridi lililoungua.

Urea ya kunyunyizia majani isizidi gramu 5 kwa lita moja ya maji. Bomba la lita 16 linachukua gramu 80, la lita 20 linachukua gramu 100. Basi. Mbolea ya majani ya 19-19-19 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) ni gramu 2 hadi 3 kwa lita, maana yake gramu 32 hadi 48 kwa bomba la lita 16, na miche michanga ianze na 32. Anayetaka mmea upate zaidi arudie baada ya siku 10 au 14 kwa kipimo kilekile. Jani lina ngozi ya nta inayopitisha kidogo kidogo. Chumvi ya mbolea usiyoipa nafasi ya kuingia inabaki juu, inavuta maji ya jani na kuliunguza.

Kwenye jiberelini ndiko makosa yanakotisha. Hii ni homoni ya kurefusha pingili, si mbolea, na inafanya kazi kwa miligramu. Kwa maua ya asta na krisanthemamu anza na miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho kwenye lebo huandikwa 50 ppm, na usivuke 100. Kwa bomba la lita 16 unahitaji gramu 0.8 ya jiberelini halisi. Sasa soma lebo, maana unachouziwa mara nyingi si jiberelini tupu. Ikiwa bidhaa ina asilimia 10, pima gramu 8. Ikiwa ina asilimia 20, pima gramu 4. Ikiwa ni unga wa asilimia 90, pima gramu 0.9 tu. Mtu aliyezoea ile ya asilimia 10, akienda duka jingine akapewa ya asilimia 90 na kupima gramu 8 zake za siku zote, amemwaga miligramu 450 kwa lita, mara tisa ya alichokusudia. Mashina yatarefuka kweli, lakini yatakuwa membamba, majani yatapauka, na shingo ya ua itainama ndani ya chombo cha maua. Hakuna dawa ya kuirudisha nyuma homoni ikishaingia. Nasisitiza: asilimia iliyoandikwa kwenye lebo isomwe kila unaponunua, hata kama ni duka la pembejeo lilelile.

Unga wa jiberelini hauyeyuki vizuri kwenye maji peke yake. Uyeyushe kwanza kwenye spiriti kidogo, mililita 30 zinatosha kwa kiasi hicho, kisha umimine kwenye maji huku ukikoroga. Tumia siku hiyohiyo. Iliyobaki kesho haina nguvu ya jana, na kuongeza kwa kukisia ili kufidia ni kurudi kwenye kosa lilelile.

Wakati wa kuweka nao una kipimo chake. Asta na krisanthemamu zinyunyizwe jiberelini wiki ya nne baada ya kupandikiza, na mara ya pili wiki ya sita. Vitumba vikifikia ukubwa wa punje ya choroko, simamisha. Ukinyunyiza jiberelini baada ya hapo hurefushi shina, unarefusha kikonyo kinachobeba ua, na hicho ndicho kinachoinama. Mbolea ya majani nayo iachwe mara tu rangi inapochungulia kwenye kitumba, kwa sababu matone yake yanaacha madoa kwenye petali.

Kuhusu saa za siku, kwa Dar es Salaam ni asubuhi: kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, hakuna zaidi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto linapita nyuzi 30 kabla ya mchana kufika, tone linakauka juu ya jani na chumvi yake inabaki imejikusanya sehemu moja. Wengine wanakimbilia jioni wakidhani wameepuka. Kwa unyevunyevu wa pwani, jani lililolowa saa 12 jioni linaweza kukesha na maji, na ukungu wa madoa meusi wa waridi unahitaji jani lililolowa kwa takriban muda wa saa saba mfululizo ili uanze kuota. Umekwepa jua, umeukaribisha ukungu. Wakati wa masika, kama wingu limefunga, ahirisha.

Maji ni jambo wengi hawalifikirii. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na mahali penye mawe ya matumbawe maji huelekea upande wa alkali. Ukipima gramu 80 za urea kwa uangalifu halafu ukaziyeyusha kwenye maji ya chumvi, jani linapokea jumla ya vyote viwili. Maji unayoyaonja chumvi mdomoni usiyatie kwenye bomba la busta. Kinga maji ya mvua au chukua ya bombani. Jiberelini inaharibika upesi kwenye maji ya alkali, kwa hiyo pima kwa karatasi za pH (za kuonyesha asidi na alkali) na ongeza siki tone kwa tone hadi ifike kama 6. Na tafadhali, sabuni ya vyombo isitumike kama kinata cha kushikisha busta kwenye jani. Inaondoa nta ya jani, kisha mnalaumu mbolea.

Nyunyiza upande wa chini wa majani pia, na uache kabla matone hayajaanza kudondoka. Kabla ya kuingia shamba zima, jaribu kwenye mimea 10 ya mwisho wa tuta na usubiri siku tatu. Najua oda inakubana. Siku hizo tatu hazikwepeki.

Halafu acheni kurudia kwa pupa. Jiberelini inaonekana baada ya siku 7 hadi 10. Asiyeona kitu siku ya nne anaongeza, na dozi mbili zinakutana ndani ya mmea mmoja. Ikikubali utaona pingili ndefu.

Ukigundua umezidisha ndani ya saa ya kwanza, osha majani papo hapo kwa maji safi mengi, juu na chini, kisha mwagilia mizizi. Madoa yakishatokea, kuosha hakusaidii. Kwa waridi, kata shina lililoungua hadi juu ya jani lenye vijani vitano lililo zima, na usiweke busta yoyote hadi chipukizi jipya lifunue majani yake. Shina hilo litachukua wiki sita hadi nane kutoa ua. Aliyeunguza na kukata tarehe 10 Januari atavuna kati ya 21 Februari na 7 Machi. Soko la wapendanao limeshampita, kwa hiyo azungumze na wateja wake mapema na aelekeze maua hayo 8 Machi.