Kutibu mzizi wa jino Kampala: ulizia kofia kabla ya ganzi

Watanzania wenzangu mlioko Kampala, ganzi ipo na inafanya kazi. Kinachouma huku ni bili.

Gego langu la chini lilioza, nikaenda kliniki moja ambayo siitaji. Dada wa mapokezi akanipa bei ya kutibu mzizi, nikaridhika. Nikiwa nimelazwa kitini, kipande cha mpira cha kulitenga jino kimetandazwa mdomoni, jino limeshatobolewa, daktari ndiyo anafafanua: bei ile ni ya jino la mbele, lenye mfereji mmoja ndani ya mzizi. Gego hilo lina mitatu, kila mmoja na hela yake. Na kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulivika jino lililotibiwa? Hiyo ni bei nyingine kabisa. Utabishana vipi na mpira mdomoni?

Kwa hiyo, kabla hujachomwa sindano, dai jumla kwa maandishi: eksirei, mifereji yote, kuziba, kofia. Wakisema "tutaona", ondoka.

Hatua zenyewe ni za kawaida: eksirei, ganzi, kutoboa, kusafisha mifereji, kujaza, kuziba. Ni safari moja mpaka tatu. Siku chache za mwanzo ukitafuna panauma, dawa ya maumivu inatosha. Ukivimba zaidi au ukipata homa, rudi upesi.

Narudia habari ya kofia. Gego lililotibiwa mzizi huwa limebaki kuta nyembamba, muwa mmoja tu unalipasua. Wengi maumivu yakikata hawarudi tena, na kizibo cha muda kikilika vijidudu vinaingia upya. Hela yote ya mzizi imepotea hapo.

Shangazi unayetuambia tung'ate karafuu, tunakupenda, lakini inatuliza tu, haitibu. Na nyie mnaovuka mpaka wa Mutukula na kadi ya NHIF, bima ya kwetu Tanzania, hapa haisaidii kitu. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa upande wa kulipia, ila kwenye vituo vingi jino likiuma wanaling'oa.

Waganda ni waungwana mno, na naona ndimo tunamonaswa. Utaitwa ssebo, yaani bwana, utapewa pole mpaka uone haya kuuliza hela. Dar ungeshauliza "jumla shilingi ngapi?" ukiwa bado mlangoni. Uliza tu, hawakasiriki. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba yao tangu 2005, lakini baadhi ya wazee bado wakikisikia wanakumbuka wanajeshi waliokitumia kuwatisha watu. Anza na salamu ya Kiganda, halafu ndiyo uingie kwenye bei.

Hakikisha daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda. Na kama utavalishwa kofia Mwanza au Bukoba, ondoka na eksirei ya mwisho pamoja na karatasi inayoonyesha mifereji mingapi imejazwa. Bila hivyo, daktari wa nyumbani atakupiga picha upya, nawe utailipia.