Mbwa aliyepauka: jinsi ya kutibu ngozi kavu na manyoya yaliyopoteza rangi

Mbwa wengi ninaoletewa wakiwa wamepauka huwa wameshapakwa kitu nyumbani: mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, na wengine, inasikitisha kusema, oili chafu ya gari. Mwenye mbwa anakuwa amehangaika kweli. Anaona mba inadondoka kila mnyama anapojikuna, anaona manyoya meusi yanageuka rangi ya kutu, basi anapaka. Mimi natibu mifugo hapa Morogoro, na mpangilio ninaoufuata ni huu: kwanza wadudu, kisha chakula, ndipo kuogesha. Ukianza na sabuni utaogesha mwaka mzima na mbwa atabaki vilevile.

Jambo moja kabla hujaanza. Ngozi ya mbwa huchukua wiki 3 hivi kujibadilisha, na unywele uliokwisha kupauka haurudii rangi yake, mpaka uote mwingine. Kwa hiyo jipe wiki 6 hadi 8. Mpige picha leo, mchana, kivulini, mgongoni na ubavuni, ili baadaye usitegemee kumbukumbu.

Hatua ya 1: Mpekue mwili mzima

Msimamishe kwenye mwanga mzuri, mtu anayemzoea amshike. Pasua manyoya kwa vidole gumba viwili mpaka uione ngozi yenyewe, uanzie kichwani ushuke hadi mkiani, usisahau kwapani, katikati ya vidole na ndani ya masikio. Vaa glavu, kwa sababu baadhi ya magonjwa haya yanahamia kwa watu.

Angalia tatizo limekaa wapi. Likiwa kiunoni, pale juu ya mkia, shuku viroboto hata kama humuoni hata mmoja. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, ilowanishe, kisha kung'utia juu yake zile chembe nyeusi zilizo kwenye ngozi. Subiri dakika moja. Chembe ikitoa duara la rangi nyekundu ya kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyomeng'enywa. Udongo hautoi rangi hiyo.

Magamba yakiwa kwenye kingo za masikio na viwikoni, na mbwa hapati usingizi kwa kujikuna, fikiria ukurutu. Kunja ukingo wa sikio, ulisugue kwa kidole gumba na cha shahada kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma ukianza kurusha mateke ya kujikuna wenyewe, dalili ni nzito. Ukiona pia watu wa nyumbani wanawashwa mikononi au tumboni, usisubiri. Viduara visivyo na manyoya vinaweza kuwa fangasi, nao huambukiza watoto.

Mbwa mweupe mwenye miguu ya rangi ya kutu, tatizo lake ni mate. Mate ya mbwa yana kemikali ambayo hutia manyoya meupe wekundu, kwa hiyo rangi ile inakuonyesha mahali anapolamba usiku kucha. Hata umsugue vipi, doa litarudi mpaka uondoe kinachomwasha.

Mwisho, inua mdomo uangalie fizi. Fizi zenye afya ni za waridi. Zikiwa nyeupe, huyo mbwa ana upungufu wa damu, pengine kwa kupe au safura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hatua nyingine zitasubiri.

Hatua ya 2: Ondoa wadudu, na banda nalo

Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa unajua uzito wa mbwa. Kama huna mizani kubwa, jipime ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako, utoe. Omba dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa. Matone ya fipronili, dawa ya viroboto na kupe, ya kuweka shingoni yanapatikana kwa urahisi: tenga manyoya, yaangushe kwenye ngozi yenyewe, na usimwogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada ya hapo.

Dawa ya josho la ng'ombe si ya kukadiria kwa kizibo. Nimepokea mbwa wenye kutetemeka na kulegea kwa sababu hiyo hiyo. Na kama nyumbani kuna paka, soma lebo mara mbili, maana permethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo mbwa anaivumilia, huua paka. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe nayo isichomwe na jirani. Mbwa wa jamii ya Collie na machotara wao wanaweza kufa kwa kipimo cha kawaida. Oili chafu, dizeli na mafuta ya taa hupenya kwenye ngozi, huiunguza, na mbwa humalizia kuyalamba.

Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai na viluwiluwi vyao vipo kwenye gunia analolalia na kwenye vumbi la banda. Fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki, yaanike juani, fagia banda uchome taka. Rudia dawa ya mbwa kila mwezi kwa miezi 3 mfululizo, kwa sababu viroboto walio ndani ya vifuko vyao hukaa muda mrefu wakisubiri. Mpe na dawa ya minyoo, kwa mbwa mkubwa kila miezi 3.

Hatua ya 3: Angalia kinachoingia kwenye sufuria

Hapa ndipo penye tatizo kwa mbwa wengi wa kwetu. Unywele karibu wote ni protini, na robo mpaka theluthi ya protini anayokula mbwa huenda kwenye ngozi na manyoya. Mbwa anayekula ugali na mchuzi hana cha kujengea. Mwili hupeleka kidogo kilichopo kwenye moyo na misuli, ngozi inabaki na makombo.

Alikuja mama mmoja wa Kihonda na mbwa wa ulinzi aitwaye Simba. Alikuwa mweusi tii akiwa mdogo, lakini sasa mgongo na mapaja yalikuwa rangi ya matofali. Kuzunguka macho na midomo kulikuwa na magamba magumu, viwiko vimekakamaa kama soli ya kandambili. Chakula chake kilikuwa pumba iliyopikwa kwa maji ya dagaa. Dagaa wenyewe waliliwa na watu. Nilimwelewa, pumba ni rahisi na inashibisha. Lakini ndani ya pumba na dona kuna kitu kiitwacho faiteti, ambacho hushika madini ya zinki tumboni yasifyonzwe. Magamba ya namna ile kwenye macho, midomo, viwiko na nyayo ni alama ya kukosa zinki. Kuongeza chokaa au unga wa mifupa kwa kukisia kunazidisha tatizo, kwani kalsiamu nyingi nayo huzuia zinki.

Na ule wekundu? Rangi nyeusi ya manyoya hutengenezwa kutokana na tairosini, mojawapo ya vijenzi vya protini, kwa msaada wa madini ya shaba. Kiasi cha tairosini kinachotosha mtoto wa mbwa kukua vizuri hakitoshi kumfanya awe mweusi kabisa. Ndiyo maana utaona mbwa mnene, mchangamfu, lakini mwekundu mgongoni. Jua kali nalo hupausha, hasa kwa mbwa anayefungwa mnyororo pasipo kivuli.

Kwa mbwa mzima wa kilo 20, hiki ndicho kipimo cha siku ninachoanza nacho, ukigawe mara mbili:

Nyama au viungo vya ndani gramu 400, ambapo gramu 30 kati ya hizo ziwe ini. Dagaa wakavu gramu 40, waloweke, waoshe mchanga, uwapike wazima na mifupa yao. Mchele wa chenga gramu 100 kabla ya kupikwa. Kiganja kimoja cha mchicha au karoti.

Ini ndilo lenye shaba na zinki kwa wingi, lakini usizidishe, lina vitamini A nyingi mno. Viungo vya ndani vichemke hadi viive kabisa. Vikiwa vibichi huleta tegu ambaye anaweza kuwapata na watu wa nyumbani. Yai moja la kuchemsha mara tatu kwa wiki linasaidia sana. Usimpe bichi kila siku, ute wake huzuia biotini, vitamini ya ngozi. Vitunguu maji na saumu visiingie kabisa kwenye sufuria ya mbwa, huharibu damu yake, na hii ndiyo sababu mchuzi uliobaki mezani haufai. Badili chakula taratibu kwa siku 7. Mbavu zikianza kupotea chini ya vidole, punguza chenga. Zikichomoza, ongeza chakula chote.

Mtu mwenye uwezo wa kununua chakula kikavu kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa mbwa wakubwa anaweza kuiruka hesabu hii yote. Vidonge vya zinki usivinunue mwenyewe, vikizidi vinamdhuru.

Hatua ya 4: Mafuta yaende tumboni

Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki, nayo ndiyo inayozuia maji yasipotee kwenye ngozi. Mafuta ya nazi yana kidogo sana, ingawa watu wa pwani watanibishia. Mpe mbwa wa kilo 20 vijiko 2 vya chai vya mafuta ya alizeti kwa siku juu ya chakula kilichopoa, lakini wiki ya kwanza anza na nusu kijiko. Akiharisha, punguza. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hayafai.

Hatua ya 5: Mwogeshe kwa upole

Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina uchachu wa ngozi yetu. Sabuni ya mche na ya unga huikwangua mafuta yake yote. Tafuta shampuu ya mbwa. Kama kuna harufu nzito na utando wa mafuta, chagua yenye kloreksidini, dawa ya kuua vijidudu, na uiache mwilini dakika 10 kwa kuangalia saa, siyo kwa kukisia. Kwa ngozi kavu tupu, fanya hivi:

Saga kikombe kimoja cha oti za uji, zisizo na sukari wala ladha, mpaka ziwe unga laini. Jaribu kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Yakigeuka kama maziwa na unga usizame, umesaga vya kutosha. Changanya kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Mmwagie polepole kwa kikombe dakika 10, ukipapasa kuelekea yanakolala manyoya, usisugue. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, suuzia mwisho na maji ya mvua au ya bomba. Mkaushe kwa taulo kwa kumbonyezabonyeza. Mara moja kila wiki 2 inatosha.

Wengi huniuliza kuhusu mshubiri. Ute mweupe wa ndani hauna shida kubwa, ila yale maji ya njano chini ya ganda humharisha akiyalamba, na atayalamba tu.

Hatua ya 6: Brashi, kivuli, na kufuatilia

Mchane dakika 5 kila siku kwa brashi laini ili mafuta ya ngozi yasambae. Mjengee kivuli.

Kila Jumapili pasua manyoya ya mgongoni, palepale ulipopiga picha, uangalie shina la unywele. Kwa Simba, wiki ya 5, ncha zilikuwa bado za matofali lakini chini, karibu na ngozi, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu. Mama yake aliuona kabla yangu, akaniita nikiwa bado getini.

Usipouona mstari huo wiki ya 8, au manyoya yakinyonyoka sawasawa pande zote mbili huku mbwa akinenepa na kuzubaa, au ngozi ikitoa usaha, peleka kwa daktari wa mifugo ili akwangue ngozi na kupima damu. Tezi ya shingo ikilegea hufanya hivyo hivyo. Usimwogeshe siku 3 kabla ya kwenda, usimpake chochote, na beba zile picha pamoja na pakiti za dawa zote alizotumia.