Terasi juu ya slabu bila sementi: taili nene juu ya vigoda vya kuzungusha

Nyumba yangu iko Dar, juu ina slabu badala ya bati, na juu ya hiyo slabu fundi wa kwanza alipiga taili za kawaida kwa sementi na grauti (ule ujiuji wa sementi wa kujazia katikati ya taili) safi kabisa, jioni unapanda na kiti chako unapunga upepo. Masika ya kwanza salama. Masika ya pili doa kwenye dari ya sebule, ya tatu tukaweka ndoo. Shida ya taili za kugandisha ni hii, maji yakishapata ufa mmoja yanatembea chini kwa chini mpaka yapate pa kutokea, kwaiyo doa liko katikati ya sebule na ufa wenyewe uko kule kwenye kona ya ukuta, na ili uuone lazima uvunje. Tukavunja upande huu, sio penyewe, tukavunja upande ule. Mwisho nikasema basi zitoke zote.

Nilichorudishia ndo nataka nikueleze. Taili nene zinakaa juu ya miguu ya plastiki ambayo unaizungusha ipande au ishuke, hakuna gundi, hakuna grauti, mvua ikinyesha maji yanapita kwenye nafasi katikati ya taili yanaangukia slabu na kufuata mteremko mpaka kwenye bomba. Siku ukihisi kuna kitu chini unanyanyua taili moja unachungulia unarudisha, dakika mbili. Hiyo miguu dukani inaitwa pedestali, fundi wangu alivyoiona tu akaiita vigoda na mimi nimebaki na vigoda. Chini ina kitako kipana kama sahani, katikati skrubu nene, juu kichwa bapa chenye masikio manne yaliyosimama kama msalaba. Taili nne zinakutana hapo kwa kona zao na masikio ndo yanazitenganisha, mara nyingi milimita 2 mpaka 5.

Sasa kabla hujaenda kununua vigoda, kazi kubwa iko kwenye slabu yenyewe na hapa ndo watu wengi wanaharakisha. Vigoda havizuii maji, vinanyanyua taili tu. Slabu ikiwa inavuja itaendelea kuvuja, tofauti ni kwamba sasa huoni. Kwaiyo kwanza slabu isafishwe, nyufa zizibwe, mteremko uwepo (kila mita moja ishuke sentimita 1 mpaka 2 kuelekea bomba), halafu ndo ipigwe kizuia maji. Mi niliweka ile membreni ya lami, yaani lile shuka nene la kuzuia maji linalochomwa kwa moto wa gesi, imepanda ukutani pembeni sentimita 15 juu ya slabu, maana kwenye kona ya sakafu na ukuta ndo panapovujia kuliko kote. Ukiamua kupaka ya maji kwa brashi sawa pia, ila kona zile ziwekewe kitambaa cha kuimarisha, usikubali kupakwa hivi hivi.

Ukimaliza usimwamini mtu, jaribu. Ziba midomo ya mabomba kwa matambara na mfuko wa plastiki, mwaga maji yafike kina cha sentimita 3 hivi slabu nzima, acha saa 24, ukiweza 48, halafu shuka ndani na tochi ukague dari. Maji yakipungua kidogo ni jua, ila unyevu kwenye dari huo sio jua. Ukiyaachia maji angalia yanaondokaje. Dimbwi linalobaki liwekee alama ya chaki ulijaze, kwa sababu baada ya hapo litakuwa chini ya taili, gizani, pazuri mno kwa mbu. Anayesambaza dengi anazaliana kwenye maji ya kujikusanya kama hayo na haimchukui hata wiki mbili kutoka yai mpaka kuruka. Sisi wa Dar mwaka 2019 tuliuguzana mtaa mzima, sina haja ya kueleza zaidi.

Taili. Usije ukachukua zile za milimita 8 au 10 za sebuleni ukaziweka juu ya vigoda, zile zimetengenezwa zilale juu ya kitu kigumu chini kote, ukizining'iniza kwa kona nne mtu mnene akikanyaga katikati imeisha. Unataka poseleni ya nje ya milimita 20, sura yake iwe ya kukwaruza isiteleze, au mabamba ya zege ya sentimita 5. Tofauti yake ni uzito, na uzito juu ya nyumba sio jambo la kuchekea. Poseleni ya milimita 20 ni kama kilo 45 hadi 48 kwa mita ya mraba, taili moja ya 60 kwa 60 unabeba kilo 16 na kitu. Zege la sentimita 5 linafika kilo 115 au 120 kwa mita, bamba moja la 60 kwa 60 zaidi ya kilo 40. Kwa terasi ya mita za mraba 20 hiyo ni tofauti inayokaribia tani moja na nusu, imekaa kichwani kwako usiku na mchana. Kama slabu ilimwagwa bila mchoro wa injinia, na zetu nyingi ndo hivyo, muite injinia aone nondo zilivyopangwa kama kuna picha za wakati wa ujenzi, na nenda na poseleni.

Urefu wa vigoda unaanzia mlangoni. Kizingiti changu kiko sentimita 13 juu ya slabu, nikataka taili zikae sentimita 2 chini ya kizingiti ili mvua ya upepo isiingie ndani, zinabaki 11, ukitoa unene wa taili 2 zinabaki 9. Kwaiyo kigoda cha mlangoni ni sentimita 9. Sasa slabu inashuka kutoka mlangoni kwenda upande wa bomba, kwangu mita 3.6 kwa mteremko wa sentimita moja na nusu kila mita, hiyo ni sentimita 5.4, kwaiyo kule mwisho kigoda kinatakiwa kisimame sentimita 14.4 ili juu pawe sawa. Ndo maana unanunua saizi mbili au tatu, kila saizi ina urefu wake wa chini na wa juu imeandikwa kwenye boksi, na usichague saizi ambayo utaifungua mpaka mwisho wa skrubu, ikishafika huko inayumba. Nunua vyenye kichwa kinachojilaza kufuata mteremko au vyenye kile kisahani cha kusawazisha cha kuweka chini, maana kitako kikikaa kwenye mteremko na kichwa kikalala hivyo hivyo, taili inagusa ukingo mmoja tu na kila ukikanyaga utasikia ko, ko, ko.

Idadi watu wanakosea sana. Taili zangu zilikuwa 10 kwa 6, jumla 60, muuzaji akapiga 60 mara kona 4 akaniambia 240! Hapana. Kigoda kimoja kinabeba kona nne za taili nne tofauti. Hesabu ni upande mmoja ongeza moja, mara upande wa pili ongeza moja, yaani 11 mara 7, vigoda 77. Halafu mi nikaongeza kimoja katikati ya kila taili kwa sababu tunakaa watu wengi juu kule na meza ni nzito, hivyo 60 vingine, jumla 137. Hivyo vya katikati unavikata masikio yote. Taili ongeza kama asilimia 10 ya kuvunjika na kukatia, na pima taili yenyewe kwa tepu kabla ya kuchora chochote, maana ile 60 ya kwenye boksi mara nyingi ni 59 na kitu.

Kwenye kupanga, usianze kwa kufuata ukuta. Ukuta wa pembeni haujanyooka hata uwe wa nani. Vuta nyuzi mbili zinazokutana kwenye kona ya mlango, upande mmoja weka alama mita 3, wa pili mita 4, ule mshazari lazima usome mita 5 kamili, ukisoma pungufu au zaidi sogeza uzi mmoja. Anzia upande unaoonekana ukitoka mlangoni ili taili nzima zikae hapo, vipande vya kukata viende kule mbali kwenye ukuta. Na piga hesabu kwanza, ukiona mwisho kitabaki kipande cha sentimita 7 sogeza mstari wote, kipande chembamba chini ya sentimita 15 hivi hakikai juu ya vigoda, kinabinuka.

Vigoda vya kona nne za terasi vipangwe kwanza kwa leza, kama huna leza basi ule mpira mwembamba wa maji wa mafundi, unafanya kazi ile ile na hauishiwi betri. Vuta uzi kati yao, vingine vifuate uzi. Chini ya kila kitako weka kipande cha raba kisikwaruze membreni, hasa kama ni ya lami maana jua la mchana linailainisha. Pale kigoda kinapokaribia ukuta masikio mengine yanakuwa hayana kazi, ya pembeni mwa ukuta unakata mawili yale yanayolala sambamba na ukuta, cha kwenye kona kabisa unakata yote manne, kisu kikali au plaizi inatosha. Taili isigande ukutani, acha nafasi ya milimita 5 hivi, na lazima pembeni kote kuwe na ukuta au fremu ya kuzizuia, upande ulioachwa wazi taili zitakuwa zinasogea taratibu mpaka siku moja ya mwisho inabaki inaning'inia.

Ukishaweka taili nne za kwanza zikanyage kona kwa kona, kwa mshazari. Ikicheza, usiipige nyundo ya mpira ukategemea itatulia, nyanyua, zungusha kigoda robo, rudisha. Kama imebaki kidogo sana ingiza kiraba cha milimita 1. Fanya hivyo kila mstari kabla hujaenda unaofuata, ukiacha mpaka mwisho utakuwa unatafuta taili inayopiga kelele katikati ya sitini. Kunyanyua tumia vile vikombe vya kunyonya vya mafundi wa vioo vya aluminiamu, lowesha taili kwanza kwa sababu sura ya kukwaruza haishiki vizuri, na mkono mmoja uwe chini muda wote.

Kukata ni grenda na diski ya almasi, maji yanamwagika muda wote, barakoa na miwani. Vumbi la poseleni sio vumbi la barabarani, linabaki kwenye mapafu. Na katia chini, sio juu ya membreni, cheche na vipande vyenye ncha vitaitoboa na utarudi kule kule kwenye ndoo.

Kuna siku ya pili ya kazi nilienda mjini asubuhi nikamwacha msaidizi wa fundi amalizie. Narudi saa kumi nakuta kijana wa watu kachanganya sementi nyeupe na maji kajaza mstari mzima wa mlangoni, kwa roho safi kabisa, anasema bosi ulikuwa umesahau grauti. Tukakaa na bisibisi mpaka magharibi tukichokoa. Kwaiyo mwambie kila atakayepanda, mwambie mara mbili, zile nafasi ni njia ya maji, zikizibwa una bwawa juu ya taili na huwezi tena kunyanyua kitu.

Mambo ya pembeni: nyumba ikiwa ndefu na imekaa wazi baharini upepo wa kusi unaweza kunyanyua taili nyepesi za ukingoni, kwa ghorofa muulize injinia kuhusu kuzifunga, kwa nyumba ya kawaida yenye ukuta wa pembeni mi sijaona shida. Mtungi wa gesi ukidondoka kwenye poseleni iliyonyanyuliwa inaweza kupasuka vipande na mguu ukazama, zipo taili zilizobandikwa wavu au bati chini kwa ajili hiyo, ukiwa na watoto lipia hiyo tofauti. Jiko la mkaa liweke juu ya kitu, plastiki ya vigoda haipendi makaa yanayopenya kwenye nafasi.

Taili iliyo juu ya mdomo wa bomba iwekee alama ndogo kwa rangi pembeni. Mi nainyanyua mwishoni mwa Februari kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli, natoa majani, mchanga na vile vifuniko vya soda ambavyo hakuna anayejua vilipitaje, nasukuma maji kwa mpira kutoka upande wa mlangoni nayasikiliza yakishuka kwenye bomba, nairudisha.