Namna ya Kulinda Gari Lililoegeshwa Mtwara Mjini
Unapoegesha gari, iwe karibu na soko au ufukweni Shangani, funga vioo, chomoa ufunguo, zungusha usukani mpaka ujifunge, kisha jaribu kila mlango kwa mkono, kwa kuwa rimoti huweza kulia na mlango mmoja ukabaki wazi. Msimu wa korosho usiache hata bahasha tupu kitini. Mpita njia ataidhania ina malipo ya mkulima.

Kinga ninayoiamini zaidi ni swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, ambayo fundi umeme wa magari huifunga mahali unapopajua wewe, hivyo mwizi, hata akifaulu kuwasha injini, huzimikiwa baada ya mwendo mfupi. Usiku, chagua penye taa na mlinzi. Kadi ya gari ibaki nyumbani, pamoja na namba ya chasisi.